Panga Mafowadi Kuanzia Dakika ya 80 Kurudi Nyuma

Kwa miaka mitatu sasa sijaona mwanzo wa mechi hata moja ya Ijumaa ya NRL, ile ligi ya Australia ya raga ya wachezaji 13. Mechi kubwa ya Ijumaa huko Sydney huanza saa mbili usiku, na kuanzia Aprili hadi mwanzoni mwa Oktoba saa mbili yao ni saa saba yetu ya mchana. Saa hiyo Lamu nzima imo misikitini. Nikishatoka, nikaamkiana na watu, nikapenya vichochoro vya Langoni nikipishana na punda, nikavua viatu na kufungua simu, mchezo umeshafika dakika ya 20 na kitu.

Mwanzoni nilihisi napunjwa. Sasa naona ni bahati. Dakika 20 za kwanza mafowadi, wale wazito wa mbele, wote ni simba. Hakuna aliyechoka, kila mtu anakimbia kifua mbele, na huwezi kumtambua aliyechaguliwa kwa akili na aliyechaguliwa kwa ukubwa wa shingo. Mimi huingia wakati mapropu wawili walioanza, mafowadi wa kugonga katikati, wameshika viuno, wanatazama kando ya uwanja kama abiria anayetazama mashua imwondoe. Hapo ndipo kazi ya kocha huanza kuonekana.

Ndiyo maana hunishangaza kila Jumanne, vikosi vinapotangazwa, watu kubishana nani kavaa jezi nambari 8 na nani nambari 10, jezi za mapropu wa kuanza. Kuanza mechi ni heshima, sikatai. Lakini swali la maana kwa kocha wa mchezo huu ni jingine: dakika ya 65, matokeo yako sare, ni mafowadi gani sita watakuwa uwanjani, na kila mmoja atakuwa amepumzika kwa muda gani? Mwenye jibu la swali hilo ndiye amechagua timu. Asiye nalo ameandika majina.

Nieleze kidogo kwa wanaoijua raga kupitia Shujaa na Simbas, timu za taifa za Kenya, peke yake. Raga ya wachezaji 13 ilizaliwa mwaka 1895 huko Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, pale vilabu 22 vilipojitenga kwa sababu ya pesa. Vilitaka mchezaji anayekosa kazi ya mgodini au kiwandani kwa ajili ya mechi afidiwe mshahara wake, wakubwa wa mchezo wakakataa. Baada ya hapo waliojitenga wakaanza kuukata mchezo na kuushona upya. Mwaka 1906 waliondoa wachezaji wawili, wakabaki 13. Timu ikikabwa haing'ang'anii mpira kwenye rundo la watu: aliyeangushwa husimama, akaurudisha mpira nyuma kwa mguu, mchezo ukaendelea. Zamani timu iliweza kukaa na mpira mpaka itosheke, na klabu ya St George ya Sydney ilitwaa ubingwa mara 11 mfululizo, kuanzia 1956 hadi 1966. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya kukabwa mara nne tu, na mwaka 1971 ikawa sita. Ndivyo ilivyo hadi leo: ukikabwa mara ya sita, mpira ni wa wapinzani.

Mafowadi ni sita. Mapropu wawili, huka, wawili wa safu ya pili, na loki anayevaa nambari 13. Skramu, ule msukumano wa mafowadi, ipo kwa jina, lakini haimchoshi mtu tena. Kinachowamaliza ni kitu ambacho kamera haikionyeshi vizuri. Kila mpinzani anapokabwa, wanaolinda wanatakiwa warudi nyuma meta 10, kisha wapande tena kumkaba anayefuata. Fanya hivyo mara tano au sita katika zamu moja, ukiwa na kilo 115, halafu refa akupe kosa na kuanza kuhesabu upya kutoka moja, sheria iliyoletwa NRL mwaka 2020. Hapo mtu anakaba mara kumi bila kuugusa mpira. Propu hachoshwi na mbio zake zile tunazozipigia makofi. Hachoshwi na kugonga, huchoshwa na kurudi.

Hili sikulipata kwa mchambuzi yeyote wa Sydney. Nililipata gatini, kwa ami mmoja mwenye punda saba. Lamu mzigo huja na maji: maji yakijaa, mashua na majahazi husogea ukutani, na kila mwenye mchanga, simenti au mawe ya Manda anataka mzigo wake uondoke saa hiyo hiyo. Nilimkuta siku moja anamfungua shogi punda mmoja mzima kabisa, mwenye nguvu kuliko wote, wakati mifuko bado imejaa gatini.

Nikamuuliza, "Ami, huyu si ndiye wa kutegemewa? Mbona wamtoa mapema?"

"Wewe watazama anavyokwenda na mzigo, mwanangu. Mimi natazama anavyorudi mtupu. Akirudi kichwa chini, safari ijayo atalala njiani na simenti ya watu."

Nilirudi nyumbani nikaanza kuangalia raga vingine. Tangu siku hiyo, propu akikaba, simfuati mwenye mpira. Namtazama yeye anavyorudi zile meta 10. Akirudi akiwa amegeuza mgongo, mikono imening'inia, zamu mbili zijazo pale aliposimama patapita mtu. Wala haitakuwa kwa sababu ameshindwa kukaba. Itakuwa kwa sababu hakufika mahali pake kwa wakati, na mwenzake wa kando amejisogeza kumfichia pengo, nalo pengo limehamia kwingine. Mguso, yaani mpira kuwekwa chini nyuma ya mstari wenu, ukifungwa pembeni, lawama huenda kwa winga.

Sasa hesabu. Kocha wa NRL ana watu wanne wa benchi anaoweza kuwazungusha na mabadiliko manane kwa mechi nzima. Tofauti na raga ya wachezaji 15, aliyetoka anaweza kurudi. Wakenya wengi wanakumbuka fainali ya Kombe la Dunia la 2023, Afrika Kusini walipoweka mafowadi saba na beki mmoja kwenye benchi, wakaishinda New Zealand 12-11. Ilikuwa busara, lakini ni busara ya njia moja: unampeleka mtu mpya, wa zamani anakwenda kuoga. Katika raga ya 13 njia ina kwenda na kurudi, na kila anayeingia anakula moja kati ya yale manane.

Propu wa kwanza akitoka dakika ya 22 na wa pili dakika ya 27, umetumia mawili. Wakirudi kipindi cha pili, manne. Ukiwatoa tena ili wa benchi wamalizie, sita. Ukimtoa huka bila kumrudisha, saba. Limebaki moja, na ndani ya hilo moja unatakiwa ukitie kifundo kitakachoteguka, bega litakaloshuka na msuli utakaokaza dakika ya 74. Mchezaji aliyegongwa kichwa hutolewa dakika 15 kuchunguzwa, na akirudi salama badiliko lake halihesabiwi, lakini usije ukapanga mechi yako juu ya vichwa vya watu.

Haikuwa hivi zamani. Miaka ya 1990 ilimalizika huko Australia mabadiliko yakiwa hayana idadi. Kocha aliweza kuingiza na kutoa watu kama daladala. Matokeo yake mapropu wakawa majitu ya dakika 15, wanaingia, wanabomoa, wanatoka kuhema. Mwaka 2001 idadi ikawekwa 12, mwaka 2008 ikashuka hadi 10, mwaka 2016 ikawa 8, na Super League ya Uingereza ikafuata nayo ikawa 8 mwaka 2019. Kila walipopunguza, nia ilikuwa ile ile: mafowadi wachoke, uwanja ufunguke, watu wadogo wenye mbio wapate pa kupita. Kwa maneno mengine, uchovu umewekwa na sheria kwa makusudi. Kocha anayepanga mafowadi kana kwamba hawatachoka anapingana na sheria yenyewe.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni la woga. Timu ikifungwa mguso mmoja dakika ya 18, kocha anawatoa mapropu wote wawili kwa mpigo, kama mtu anayetupa shehena baharini kwa wimbi la kwanza. Nina sababu mbili za kulichukia jambo hili. Ya kwanza, wanaoingia pamoja huchoka pamoja. Dakika ya 45 utakuta tena wawili wameshika viuno. Ya pili, katikati ya uwanja ni mahali pa kusemezana. Anayetoka anajua nani wa upande wa pili anapenda kupiga mguu wa kushoto, nani anauachia mpira akiguswa mkono. Ukiacha propu mmoja aliyekwisha kuzoea na kumwongezea mmoja mgeni, mgeni anaelekezwa. Wageni wawili wanaelekezwa na nani?

Huka ni shauri la peke yake. Yeye ndiye anayegusa mpira karibu kila mara mtu anaposimama kuurudisha, na akiwa mdogo wa mwili wapinzani humtumia wanaume wakubwa mmoja baada ya mmoja, kusudi achoke kukaba na mkono wake uchelewe kupasi. Cameron Smith wa Melbourne alicheza mechi 430 katika NRL, na nyingi kati yake alizimaliza hadi kipenga. Ukiwa na mtu wa namna hiyo umepata badiliko moja bure kila wiki, mwaka hadi mwaka, na sidhani watu wanapomsifu kwa akili yake hukumbuka kulihesabu hilo. Asiye na Smith inabidi amkate huka wake dakika ya 50 au 55, na achague: amlete huka wa pili halisi, au amsogeze mtu wa kazi mbili?

Safu ya pili mimi siigusi. Hapa nabishana na rafiki zangu wote wawili wanaoutazama mchezo huu hapa kisiwani (ndiyo, tuko watatu, na mmoja wetu hulala kipindi cha pili). Wanasema, kama mapropu wanapumzishwa, mbona hawa wa nambari 11 na 12 waachwe dakika 80? Jibu langu ni kwamba wale hawafanyi kazi ya katikati. Wanasimama pembeni, kati ya hafubeki wao, mpanga mashambulizi, na senta wao, na watatu hao hulinda kama watu wanaovuta wavu mmoja. Ukimtoa wa kati, hata ukileta mwenye nguvu zaidi, ule mvuto unapotea: mmoja anapanda, mwingine anasubiri, na mpira mmoja wa kudanganya unapita. Heri mtu aliyechoka anayejua mwenzake atakanyaga wapi.

Loki ndiye wa kubishaniwa. Zamani alikuwa fundi wa kupasi. Ukaja wakati makocha wengi wakamfanya propu wa tatu, wa kugonga tu. Penrith, waliotwaa ubingwa mara nne mfululizo kuanzia 2021 hadi 2024, walimtumia Isaah Yeo kuurudisha ule ufundi: anapokea mpira katikati, anaangalia, anapasi kabla hajagongwa. Watu husema faida yake ni mashambulizi. Mimi naona faida kubwa ni kwa mapropu wake, kwa sababu mlinzi asiyejua kama Yeo atapiga mbio au atapasi husimama kidogo, na propu anayepokea mpira mbele ya mlinzi aliyesimama hufanya kazi nusu. Loki mwenye mikono mizuri anawaongezea mapropu dakika bila wao kukaa benchini.

Kinachowazuia makocha kupanga hivi, naamini, ni sifa tunazozigawa. Mchezo huu unaabudu mtu asiyetoka. Fainali ya 1970 nahodha wa South Sydney, John Sattler, alivunjwa taya dakika za mwanzo akacheza hadi mwisho, wakawashinda Manly 23-12. Mwaka 2014 Sam Burgess wa klabu hiyo hiyo alivunjika mfupa wa shavu kwenye kugongana kwa kwanza kabisa, akamaliza dakika 80, akapewa medali ya mchezaji bora wa fainali, na South Sydney wakapata ubingwa wao wa kwanza tangu 1971. Nami husisimka nikizitazama. Lakini matokeo yake ni kwamba propu anayeinua mkono kuomba kutoka anajiona mnyonge, na kocha anayempeleka nyota wake benchi Jumanne anaulizwa amemkosea nini.

Nilionja hayo nikiwa kijana. Nilikuwa propu wa raga ya 15 katika shule moja ya pwani, na michezo hiyo ilikuwa muhula wa kwanza, Januari hadi Machi, kaskazi imelala na uwanja unachoma nyayo. Mwalimu wetu alikuwa na kanuni moja: watatu wazito kuliko wote waanze, wasitoke. Mimi nilikuwa mmoja wa hao watatu. Kabla ya mapumziko tulikuwa tunaongoza kila mechi, na kila mechi baada ya mapumziko tulikuwa tunatembea. Kulikuwa na mwanafunzi wa kidato cha pili, mwembamba, mwenye pumzi za mpiga mbizi, aliyekaa kando muhula mzima akitubebea maji. Tulitolewa mapema. Nakumbuka nilimchukia yule kijana kwa sababu alikuwa hajachoka.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Wapo mapropu ambao hesabu zangu haziwafungi. Payne Haas wa Brisbane ni mtu mkubwa anayecheza dakika ambazo mapropu wengine huziota, na anarudi meta 10 kama mtu wa nusu ya uzito wake. Ukiwa naye, kumtoa kwa sababu ratiba inasema dakika ya 25 ni upumbavu. Nakubali. Ila tazama anachokupa: akikaa yeye, mabadiliko mawili yanabaki mfukoni, nawe unaweza kumzungusha yule wa pili na loki kwa nafasi. Hapo bado unahesabu kutoka mwisho. Hatari ni kocha wa timu ya katikati ya jedwali anayemwona Haas kwenye televisheni, akarudi mazoezini akamlazimisha propu wake wa kawaida acheze dakika 65.

Kuhusu kuwapumzisha wiki hadi wiki sina mengi. Msimu ni mrefu, katikati kuna mechi za State of Origin, jimbo la New South Wales dhidi ya Queensland, zinazowakamua walio bora, na mwenye macho huona ni nani anayerudi kutoka huko na miguu ya risasi. Mkalishe.

Limebaki la jezi nambari 14, ya kwanza ya benchi, na hapa lazima nikiri. Kwa muda mrefu nilikuwa nahubiri kuwa benchi iwe mafowadi wanne, basi. Huyu mtu wa kazi mbili, hafubeki nusu na huka nusu, nilimwona ni anasa: anakaa dakika 60 akitafuna mkono wa jaketi huku mapropu wanakufa. Halafu ikaja fainali ya Oktoba 2023. Brisbane waliongoza 24-8. Penrith walimpoteza Jarome Luai, hafubeki, kwa jeraha la bega, na aliyeingia alikuwa Jack Cogger kutoka benchi, mtu wa aina ile ile niliyokuwa nikiicheka. Aliyeanzisha kurudi kwao alikuwa propu, Moses Leota, aliyefunga mguso katika robo ya mwisho ya mechi, saa ambayo mapropu wa Brisbane walikuwa wanachelewa kufika mahali pao. Ukafuata mwingine, kisha Nathan Cleary akafunga wa ushindi. 26-24.

Nimeitazama mechi hiyo mara nyingi kuliko ninavyopaswa. Ule mguso wa Leota unaniunga mkono kwa yote niliyosema hapo juu. Cogger hayumo kwenye hesabu yangu kabisa. Kama ningekuwa mimi kocha wa Penrith jioni ile, nafasi yake ingekuwa na fowadi wa nne mwenye pumzi mpya, na nadhani tungefungwa. Wiki hii nikipewa kikosi bado ningeweka mafowadi wanne, isipokuwa hafubeki wangu awe na bega bovu, na hapo ningempigia simu daktari wa timu kwanza kabla ya kuandika jina lolote.